Kilima Safi

Kwa miaka tisa, abiria walioshuka melini katika mji wa Albertville, ambao leo tunauita Kalemie, wakawa na siku moja ya kungoja kabla ya kupanda gari la moshi, walikabidhiwa kwa mtu mmoja aliyeitwa Onésime. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi aliwakusanya mbele ya hoteli, akawahesabu, akawapakia katika kamyo, yaani lori la hoteli, na kuwapeleka kusini mwa mji, hadi kwenye milima ya mchanga iliyo kando ya ziwa. Jioni aliwarudisha wote, pamoja na kofia zao. Hilo la kofia alilitaja kila mara, kwa kuwa upepo wa ziwa katika mwezi wa saba hauchagui kichwa cha mkubwa wala cha mdogo.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, na kazi yake aliifanya kwa mpango usiobadilika. Kamyo ilisimama mara tatu njiani: kwenye daraja la mbao, ambapo alionyesha mahali mamba walipozoea kuota jua, kwenye mawe mekundu, ambapo wageni walipiga picha, na chini ya mteremko wa mwisho, ambapo kila mtu alitakiwa kunywa maji hata kama hana kiu. Kisha aliwapandisha kwa mstari mmoja kama watoto wa shule. Mchangani, aliwaambia, hakuna njia ya kukanyaga. Njia ni ya kutazama. Marehemu baba yake alikuwa mvuvi, na alikuwa amemfundisha kukipata kituo cha nyavu kwa kulinganisha vitu vilivyo mbali. Mnara wa kanisa ukikaa sawasawa juu ya ncha ya rasi, na jiwe jeupe la mlimani likikaa sawasawa chini ya pengo la kilele, basi umesimama palepale uliposimama jana. Kwa elimu hiyo Onésime aliweza kurudi kwenye unyayo wake mwenyewe baada ya mwaka mzima.

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo wageni hawakuiona. Mkuu wa hoteli alitaka mchanga uwe mtupu, maana watu, alisema, hawakuvuka bahari ili watazame majani. Kwa hiyo kila mwaka mvua zilipokwisha, Onésime alichukua vibarua sita, wakang'oa matete na mimea itambaayo kwenye kilima cha kwanza, kile kilichokuwa karibu zaidi na maji, kirefu kama nyumba ya ghorofa. Waling'oa pamoja na mizizi, mingine mirefu kuliko kamba ya kisima, wakairundika na kuichoma. Vilima vya nyuma viliachwa na nywele zake. Cha kwanza kilibaki kinang'aa kama shuka lililopigwa pasi. Onésime alikiita Kilima Safi, na alikipenda kama mtu anavyopenda kitu alichokitengeneza kwa mikono yake.

Mwaka 1960 uhuru ulifika, na muda si mrefu vita vikafuata. Wageni walikoma. Hoteli ilikaliwa na maofisa wa jeshi moja, kisha la jingine, na Onésime akapata kazi ya kubeba mizigo kwenye gati. Mwisho wa mwaka 1961, mapigano yalipoingia mitaani, watu wa mtaa wake walimjia. Yeye ndiye aliyejua njia ya kusini, hata gizani. Aliwaongoza watu ishirini na watatu kwa miguu, akawahesabu kama alivyozoea. Mmoja wao alikuwa Emile, mfanyakazi wa reli, kijana mcheshi aliyebadili njia za treni kule stesheni. Mke wake Alphonsine alikuwa amekwisha kuondoka na watoto kwa mtumbwi siku moja kabla. Karibu na daraja la mbao risasi ilitoka isikojulikana na kumpata Emile tumboni. Walimbeba hadi kwenye mchanga, na huko akafa kabla ya adhuhuri.

Onésime alimwosha kwa maji ya ziwa. Yeye na katekista mmoja mzee walichimba kwa sahani za bati, maana hakuna aliyekuwa na jembe. Alichagua Kilima Safi, kwa sababu mchanga wake haukuwa na mizizi na ulichimbika upesi, na kwa sababu hakuona mahali pengine pazuri zaidi pa kumweka mtu. Walimviringisha Emile katika mkeka, wakamlaza juu ya kilima, katika kina cha mkono mmoja na nusu. Kisha Onésime alisimama juu ya kaburi, akatafuta alama zake. Mnara juu ya ncha ya rasi. Jiwe jeupe chini ya pengo. Alizitazama kwa muda mrefu mpaka katekista akamvuta shati.

Katekista huyo alikwenda kwao Kirungu na kufa huko kwa homa. Wale wengine walikuwa wamevuka ziwa na hawakurudi. Kwa hiyo, mji ulipotulia, katika nchi nzima alibaki mtu mmoja tu aliyejua Emile amelala wapi.

Onésime hakurudi kwenye kaburi hilo. Katika ukoo wa Emile, kaburi la mtu aliyezikwa ugenini halikanyagwi mpaka ndugu yake mkubwa afike. Mkubwa huyo huingiza mkono mchangani hadi auguse mkeka, bila kuufungua, na kutamka, "Nimekushika." Hapo ndipo watu hulia, mjane hunyolewa, matanga huondolewa, naye huwa huru kukaa anapotaka. Kabla ya hapo hakuna kifo. Kuna mtu aliyetoka nyumbani na hajarudi.

Mkubwa wa Emile alikuwa Célestin, mkulima na mfanyabiashara wa Kabalo. Njia zilikuwa zimefungwa, hakuweza kuja. Katika muda huo mvua zilinyesha kwa namna ambayo wazee hawakuikumbuka, na ziwa likapanda. Gati likalowa, nyumba za wavuvi wa chini zikahamwa. Alphonsine, ambaye alikuwa amerudi mjini na watoto, alimwuliza Onésime mara mbili kama kaburi lilikuwa salama, na mara zote mbili akapata jibu lile lile: "Nilimulaza juu, Mama. Maji haifike kule." Hakusema hivyo ili kumfariji. Aliamini.

Célestin alifika mwezi wa saba mwaka 1963, siku ya Jumanne, akiwa amevaa koti zito na kubeba kuku wawili. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kupendeza, na alimpenda sana mdogo wake. Usiku wa kwanza alimweleza Alphonsine jambo alilolisikia njiani: mtu fulani alikuwa amemwona Emile Kigoma, ng'ambo ya ziwa, akiuza vitambaa sokoni.

"Nani alimuona?" Alphonsine aliuliza.

"Muntu mumoja wa treni."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza jina. Nilimuuliza habari ya mudogo wangu."

Halafu akamweleza lililobaki, kwa upole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kaburi likionekana, watalia, na Alphonsine atabaki Albertville na cherehani yake, na wasichana wake wawili wataendelea na shule ya masista. Lisipoonekana, basi yeye ni mke wa mtu aliye hai, na mke wa mtu aliye hai humngojea mumewe kwa watu wa mumewe. Atakwenda Kabalo pamoja na watoto. Alphonsine alikwenda kwa Onésime asubuhi iliyofuata, akamwambia neno moja tu: "Tupeleke."

Kamyo ya hoteli ilikuwa bado na Grégoire, dereva wake wa zamani, ambaye sasa alichukua mihogo. Aliwachukua Alhamisi. Onésime alitoka nyumbani amevaa shati lake la kazi ya zamani, lililofuliwa, na saa kumi na mbili na nusu aliwasimamisha mbele ya hoteli na kuwahesabu. Walikuwa wanne pamoja na yeye.

Kwenye daraja la mbao kamyo ilisimama.

"Kuna nini?" Célestin aliuliza.

Onésime alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kuelekea ukingo wa mto. Akaushusha. "Hakuna kitu, Papa. Ni mazoea."

"Kamyo hii njo inajua kazi kutushinda," alisema Grégoire, na 'njo' yake ilikuwa 'ndiyo' ya watu wa huko. "Hata nikilala, inasimama."

Kwenye mawe mekundu ilisimama tena. Célestin alicheka. "Papa Onésime, tunaenda kulia ao tunaenda kuona nyama ya pori? Nivue kofia nipigwe foto?"

"Kofia uishike tu, Papa. Upepo wa huku ni mwizi."

Hata Alphonsine alitabasamu kidogo chini ya kitambaa cheusi alichojivika mwenyewe bila kungoja ukoo. Chini ya mteremko wa mwisho Onésime aliwanywesha maji. Mikono yake ilikuwa imara. Katika miaka yote hiyo hakuwa amepata kumpoteza mtu, na hakuona sababu ya kumpoteza huyu ambaye hata miguu hakuwa nayo tena ya kutembea.

Walipanda kwa mstari mmoja, Onésime mbele. Walipofika juu, alisimama ghafla hata Célestin akamgonga mgongoni.

Vilima vya nyuma vilikuwepo vyote, vimefunikwa majani hadi mabegani. Mbele yake, pale ambapo Kilima Safi kilipaswa kuwa, lilikuwepo ziwa. Halikuwa na dalili ya kuchukua kitu. Mawimbi madogo yalifika kwenye ukuta wa mchanga uliokatwa wima, yakaugusa, yakarudi.

Alijiambia kwamba amekosea mahali. Akatafuta mnara wa kanisa, akauona, mdogo kama sindano. Akatafuta jiwe jeupe. Akaanza kutembea ufukweni, hatua kwa hatua, akitazama kaskazini, kisha mlimani, kisha kaskazini. Mnara ulisogea kuelekea ncha ya rasi lakini haukuifikia. Akaingia majini. Maji yalifika magotini, kisha mapajani, suruali ikamvimba. Yalipofika kifuani mnara ulikuwa bado upande wa kushoto wa ncha, kwa upana wa kidole. Kaburi lilikuwa mbele yake, labda hatua thelathini zaidi, mahali ambapo mtu wa kimo chake asingeweza kusimama. Alama hazikuwa zimekosea hata kidogo.

Alitoka majini. Célestin na Grégoire walikuwa bado juu, wakibishana kuhusu kivuli cha kulia chakula. Alphonsine alikuwa ameshuka peke yake.

"Ni kule?" aliuliza, akitazama maji.

"Ni kule, Mama."

Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Onyesha mahali pengine."

"Mama?"

"Pale nyuma, kwenye kilima yenye majani. Useme njo pale. Mimi nitalia, na yeye atalia. Hawezi kulia na kuchimba."

"Sijapata kumwongoza muntu mahali pa uongo."

"Ninajua. Njo maana atakuamini."

Onésime alitazama nguo zake zikidondosha maji. Aliwaza juu ya cherehani na wasichana wawili katika sare zao. Aliwaza pia kwamba Emile alikuwa amekufa kweli, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amemfumba macho. Kuonyesha mahali pasipo pake hakungeufanya uongo kuwa ukweli, kungesaidia tu ukweli uaminike. Hivyo ndivyo alivyojipangia hoja, kwa utaratibu kama kawaida yake, na hakuna hatua yoyote aliyoiona kuwa mbovu. Akapanda kilima cha pili, akachagua mahali penye mbonyeo kidogo kati ya matete, akasimama hapo, akageuza kichwa kaskazini, kisha mlimani, kama mtu anayelinganisha alama.

"Papa Célestin," akaita, "ni hapa."

Célestin alikuja taratibu. Uso wake, uliokuwa na mchezo tangu asubuhi, ulizeeka katika hatua kumi. Alivua koti, akalikunja, akampa Grégoire. Alphonsine alianza kulia, na kilio chake hakikuwa cha kujifanya, kwa maana alimtazama Onésime na nyuma ya Onésime akaliona ziwa. Grégoire alivua kofia. Lakini Célestin hakulia. Alipiga magoti, akakunja mkono wa shati hadi begani, akaanza kufukua kwa viganja kama mtu anayetafuta mtoto chini ya blanketi.

Vidole vyake vilikuta mzizi. Akaupisha pembeni. Vikakuta mwingine, na mwingine, unene wa kidole, imesukana kama mkeka. Alivuta, haikutoka. Alivuta kwa mikono miwili, na kilima kizima kikawa kama kinashika upande wa pili. Akaacha. Alibaki amepiga magoti, akipumua.

"Papa Onésime. Ulisema mulichimba na sahani."

"Ndiyo, Papa."

"Hapa hata jembe haiingie. Hii mizizi haikukatwa na muntu tangu Mungu aliiweka."

Onésime alikuwa akitazama mizizi. Alikuwa ameifahamu kwa miaka tisa kama takataka ya kuchomwa, na sasa aliona kile ilichokuwa ikifanya. Vilima vyote vilivyokuwa na majani vilikuwa vimesimama mbele ya maji. Kimoja tu kilikuwa kimekwenda, kile alichokisafisha mwaka baada ya mwaka, na ndani yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameweka mtu.

Ndipo akasema ukweli wote. Alieleza juu ya hoteli, juu ya vibarua sita, juu ya mvua, juu ya mnara na jiwe jeupe na mistari miwili inayokutana majini. Alieleza vizuri, bila kuruka kitu, kama alivyowaeleza wageni. Célestin alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu tufike umenipa makaburi mbili ya muntu mumoja," akasema. Hakuwa na hasira. Jambo lililokuwa likipanda usoni mwake lilikuwa baya kuliko hasira. "Moja iko na mizizi, ingine iko na samaki. Ya tatu iko Kigoma? Labda ile ya tatu inauza vitambaa."

"Nilimwosha mwenyewe, Papa."

"Ulimuosha. Na hapa pia ulisema ni hapa."

Alphonsine alijitokeza mbele. "Mimi njo nilimutuma aseme hivi. Yeye alikataa."

"Ulimutuma," Célestin alirudia, na akamtazama kwa huruma halisi, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Unataka mume wako awe maiti, sababu ya cherehani. Mama, hapana. Mimi siwezi kumuzika mudogo wangu ndani ya mudomo ya watu." Akainuka, akajipangusa mchanga magotini. Alipochukua koti lake alikuwa akitabasamu, na machozi yakimtoka. "Iko muzima," alimwambia Grégoire. "Nilijua."

Katika kurudi kamyo ilisimama kwenye mawe mekundu na kwenye daraja. Onésime aliwahesabu walioshuka mbele ya hoteli. Walikuwa wanne.

Aliandika barua mbili kwa padri, akaeleza yote, na padri alimwendea Célestin. Célestin alimpokea vizuri, akamchinjia kuku aliyebaki. Alisema kwamba anaheshimu neno la padri, ila padri hakuwepo kule mchangani, na yule aliyekuwepo amekwisha kuonekana anavyoonyesha makaburi. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Cherehani iliuzwa kwa jirani. Masista waliwapa wasichana vyeti vyao.

Jumatatu treni ya Kabalo ilipokuwa tayari, Onésime alikwenda stesheni na kubeba sanduku la Alphonsine, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alimkuta amesimama kwenye jukwaa katika kitenge cha manjano chenye ndege wekundu, na kichwani kitambaa cha kijani. Célestin alikuwa amevinunua. Nguo nyeusi ilikuwa imetolewa na kuchomwa Jumapili, kwa sababu kumvalia nyeusi mtu aliye hai ni kumwita kifo. Kulia pia alikuwa amekatazwa. Alimpa Onésime mkono, akauondoa upesi, akapanda na watoto.

Célestin alibaki chini mpaka kipenga cha kwanza.

"Papa Onésime, mimi siko na kinyongo na wewe. Ulichanganyikiwa na vita, kila muntu alichanganyikiwa. Kazi yako ni pa gati, sivyo?"

"Ndiyo, Papa."

"Watu ya Kigoma wote wanapita mbele yako."

"Wanapita."

"Basi ukimuona, umuambie kwamba bibi yake na batoto wanakaa kwetu. Asiogope kurudi. Hakuna muntu atamugombeza." Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nyuma yake, dirishani, Alphonsine alikuwa ameacha kupanga mizigo na kusikiliza. "Utamuambia?"

Onésime alimtazama yule mtu mnene, mwenye furaha, anayemngojea ndugu yake. Neno la kweli lilikuwepo, alikuwa amelisema mara tatu kwa mdomo na mara mbili kwa barua, na lilikuwa halina kazi tena duniani.

"Nitamwambia, Papa," akasema.

Alphonsine aligeuza uso, akahamia upande wa pili wa behewa, ambako dirisha halikutazama ziwa.